Mlango Chini ya Kikapu

Nimevunja pua mbili za watu na kidole kimoja, na pua moja kati ya hizo ilikuwa ya rafiki yangu. Zamani nilikuwa nikijisifu kwa hilo. Nilicheza mpira wa kikapu miaka mitano katika timu ya wanawake ya chuo kikuu, hapa Kisangani, na mtu akiniuliza nilikuwa nikicheza nafasi gani, jibu la kweli ni kwamba kazi yangu ilikuwa kupiga. Wa kufunga walikuwa wengine.

Mwaka huu watu wa michezo waliniomba niwaandikie kurasa mbili za historia ya timu, kwa kuwa sasa mimi ni mwalimu msaidizi wa sheria na wanadhani kila mtu wa sheria anajua kuandika. Niliwaandikia. Niliweka vikombe, niliweka safari za kwenda kucheza Isangi kwa mtumbwi wa mota, niliweka hata ule mwaka tuliokosa mpira wetu tukafanya mazoezi na mpira wa miguu. Walifurahi, wakanishukuru, wakapiga muhuri. Haya mengine sikuyaweka.

Timu ilianza na wasichana saba, miaka mingi kabla yangu. Nilisimuliwa na watu ambao nao walisimuliwa, kwa hiyo mnisamehe kama kuna chumvi iliyoongezwa njiani. Jezi zao zilikuwa za wanaume wa mpira wa miguu, zinawafika magotini. Kiwanja kilikuwa kile kile cha saruji tulicho nacho leo, chenye nyufa zinazoota majani kila mvua ikipita. Mechi yao ya kwanza ya nje walikwenda kucheza Makiso, katikati ya mji, na timu ya wanawake watu wazima, wenye mikono iliyozoea kubeba magunia bandarini. Wakapigwa. Simaanishi walifungwa, ingawa walifungwa pia. Walipigwa viwiko vya kifua, walivutwa nywele, mmoja alikanyagwa vidole akiwa chini na aliyemkanyaga akasimama hapo hapo akiangalia mpira unakwenda wapi. Watatu walilia katikati ya kiwanja. Watu wakacheka, wakatunga wimbo papo hapo, na wakawasindikiza nao barabarani mpaka walipopata toleka za kuwarudisha. Hata wale waliokuwa wakiendesha hizo baiskeli waliimba.

Kesho yake kapteni wa kwanza, ambaye alikuwa akisomea udaktari, aliwapanga wenzake chini ya kikapu. Alisema hakuna mchezaji wa timu hii atakayelia tena mbele ya watu, na ili asilie mbele ya watu lazima kwanza apigwe na watu wake. Hapo ndipo Mlango ulipozaliwa.

Mlango ulikuwa hivi. Wakubwa wawili wanasimama chini ya kikapu, bega la mmoja mbali kidogo na bega la mwenzake. Msichana mgeni anakuja na mpira kutoka katikati ya kiwanja, anajaribu kupita katikati yao na kufunga. Wale wawili wanampiga: kiwiko, nyonga, bega, goti. Ngumi hapana, kucha hapana. Anakuja mara kumi. Hakuna filimbi, hakuna maji, na kabla ya mara ya kumi hakuna ruhusa ya mtu yeyote kumuuliza kama ameumia. Akilia, anakwenda nyumbani na hatukumjua. Akimaliza kumi bila kulia, anapewa jezi. Na jezi zetu hazikuwa zikinunuliwa wala kugawiwa na ofisi: mtu aliyekuwa akimaliza masomo alimvalisha mgeni jezi yake mwenyewe, kwa mikono yake, na ili umvalishe mtu lazima uwe umesimama Mlangoni siku yake. Unampiga, halafu unamvalisha. Tuliona jambo hilo ni zuri sana. Kuna wasichana waliolia kwa furaha siku ya kuvalishwa, na hicho ndicho kilio pekee kilichoruhusiwa.

Mimi nilipita Mlangoni mwaka wangu wa kwanza na ubavu mmoja uliopasuka. Aliyenivalisha alinibusu paji la uso, akaniambia, "Sasa uko mutu." Nililala kwa mgongo wiki tatu nikiwa na furaha ya ajabu.

Na mjue kwamba Mlango ulifanya kazi. Mwaka wangu wa tatu tulirudi kule Makiso, kwenye kiwanja kile kile, na wanawake wa safari hii walikuwa wabaya kuliko wale wa hadithi. Dakika ya tano mmoja aliniuma bega kwa meno, kweli kweli, alama ninayo mpaka leo. Mara ya pili aliponikaribia nilimgeukia na kiwiko, nikasikia pua inavunjika. Damu ilimjaa mdomoni akawa anaitema miguuni pangu huku akinitukana kwa Lingala, matusi ya mama na ya nyanya. Mashabiki walianza kurusha mifuko ya maji, halafu chupa, halafu mawe. Mwamuzi alikimbia, sisi tukabaki. Tulimaliza mechi bila mwamuzi, hebu fikiri, timu mbili za wanawake zikihesabu pointi zenyewe chini ya mawe, na tulishinda. Tuliondoka nyuma ya lori tukiimba, mmoja wetu kafungwa kichwa kwa kitenge. Siku niliyopata diploma sikuwa na furaha kama ile.

Nasema haya ili mtu asidhani kwamba nilikuwa mjinga niliyelazimishwa. Nilipenda.

Mwaka wangu wa mwisho alikuja msichana mmoja kutoka Yanonge, wa kilimo, mwaka wa kwanza. Alikuwa mrefu, mwembamba, mikono mirefu, binti wa watu wa mtoni ambaye mabega yake yalitengenezwa na kasia. Alipiga mpira kwenye kikapu kwa mkono wa kushoto, taratibu, kana kwamba anaweka sufuria mekoni, na mpira ulikuwa unaingia. Nilimtaka avae jezi yangu. Wengine pia walimtaka, lakini mimi nilikuwa kapteni, nikasema huyu ni wangu. Alikuwa akiniita yaya, yaani dada mkubwa, tangu siku ya kwanza.

Siku yake ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, jua limeshaanza kuchoma saruji. Nilisimama upande wangu wa Mlango, kushoto kwake yeye anayekuja. Upande wa pili alisimama mwenzangu wa mwaka wa nne, mzito kuliko mimi. Wengine walikaa kwenye kingo za kiwanja wakihesabu kwa sauti.

Mara ya kwanza nilimpiga kifuani akaanguka kwa makalio. Mara ya pili mwenzangu alimpata ubavuni. Mara ya tatu alitupita, akafunga, na tukamshangilia, halafu tukajipanga vizuri zaidi kwa sababu kupitwa mara ya tatu ni aibu. Mara ya nne aliinama chini kidogo, akija kwa kasi, na kiwiko changu, ambacho nilikielekeza begani, kilimwingia kwenye jicho la kushoto. Nilihisi kitu laini, halafu mfupa. Alianguka bila sauti. Damu ilitoka kwenye nyusi, si nyingi sana. Alikaa chini ameinamisha kichwa muda wa kuvuta pumzi tano au sita, akajifuta kwa mkono, akasimama, akaenda kuchukua mpira.

Hapo ndipo ningeuliza. Nilikuwa na mdomo. Lakini ilikuwa mara ya nne na sheria ilisema kumi.

"Kuya!" nilimwambia. "Unaogopa nini? Kuya!"

Akaja. Na sasa nieleze kitu ambacho mtu asiyesimama Mlangoni hawezi kukijua. Kila msichana anayekuja pale hupepesa macho kabla ya pigo. Wote, hata wale wakali, hata mimi. Mwili unajua. Huyu, kuanzia mara ya tano, hakupepesa. Alinijia upande wangu moja kwa moja, uso wazi, na nilipomwinulia kiwiko hakukwepa hata kidogo. Nilistaajabu. Nilijiambia, mtoto huyu ana moyo kuliko sisi sote. Na kwa kuwa nilimheshimu, nilimpiga zaidi. Nisieleweke vibaya: sikuwa na hasira naye. Mara ya sita, ya saba, ya nane nilimpiga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilidhani kumpunguzia kungekuwa kumtukana. Waliokuwa wakihesabu walinyamaza. Mmoja alisimama. Mara ya tisa mwenzangu aliniangalia kama anayetaka kusema kitu, nami nikamkazia macho.

Baada ya mara ya kumi watu walipiga kelele za shangwe. Yeye alibaki amepiga magoti, mkono wake wa kushoto unapapasa saruji.

"Yaya," alisema, "mupira iko wapi?"

Mpira ulikuwa karibu na goti lake la kushoto. Ulikuwa unamgusa.

Nilimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma yake nikimshikilia, mwenye pikipiki akilalamika kwamba damu inamchafulia shati. Kabla hatujaondoka mwenzangu wa Mlango alinishika mkono. "Tutasema alianguka ku poto," alisema. "Ile poto ya panier. Bote tutasema poto. Tunaelewana?" Nikasema tunaelewana. Mpaka tunafika hospitali neno hilo, nguzo ya kikapu, lilikuwa tayari mdomoni mwangu, na ndilo nililomwambia muuguzi, na muuguzi akaliandika. Daktari wa macho alikuja siku ya pili. Alisema ndani ya jicho kuna kitu kimeng'oka mahali pake, na kwamba angeletwa mara tu baada ya pigo la kwanza na asipigwe tena, pengine. Hakumaliza hiyo pengine. Aliuliza nguzo gani hiyo inayompiga mtu mara nyingi hivyo.

Mama yake alifika siku ya nne kutoka Yanonge, na kikapu cha samaki wa kukaushwa kichwani na chikwange za muhogo zimefungwa kwa majani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alinikuta kwenye baraza la hospitali, akaniuliza jina, nilipomtajia alitua kikapu chake akanishika mikono yote miwili.

"Njo weye?" alisema. "Mutoto anasema ni weye njo ulimuleta huku. Anasema haukumwacha. Mungu akubariki, mwanangu. Miye sina kitu, lakini hii samaki ni yako."

Akaanza kunitolea samaki, mmoja mmoja, akichagua wakubwa. Nimepigwa mara nyingi maishani na sijawahi kupata maumivu kama yale ya kuangalia mama yule akinichagulia samaki.

"Mama," nilisema, "hakuanguka ku poto. Ni miye njo nilimupiga."

Alimrudisha samaki kikapuni.

"Kiwiko yangu, mama. Tunafanya vile kwa ba nouvelles, bale bapya. Tunabakomalisha."

"Munabakomalisha," alirudia. "Nilimutuma huku kusoma, nyinyi munamukomalisha?"

"Ndiyo, mama."

Kofi la kwanza lilinipata sikioni. Halafu alivua ndala yake akanipiga nayo usoni, kichwani, shingoni, na ilipomponyoka aliendelea kwa mikono, analia na kupiga, ananipiga kwa mdundo wa mtu anayetwanga. Nilisimama mikono ikiwa chini. Wagonjwa walitoka wodini kuangalia. Muuguzi mmoja alimkumbatia kwa nyuma akamvuta, naye akamburuta muuguzi huyo hatua mbili ili anifikie tena. Watu waliona nina uvumilivu. Haukuwa uvumilivu, nilikuwa nimefundishwa kupigwa, na siku ile ujuzi ule haukunisaidia chochote.

Mama huyo hakuishia hapo. Alikwenda chuoni, akapanda ngazi, akakataa kuondoka mpaka kamati ya nidhamu ikakaa. Katibu wa kamati alikuwa mzee mmoja mpole, mwenye daftari kubwa na kalamu ya pili mfukoni. Wachezaji wote walikaa kwenye benchi ukutani, wamekaza midomo. Nilisimama nikasema yote: Mlango, mara kumi, kiwiko. Wenzangu hawakuniangalia. Kama mambo yangeishia pale, timu ingefungwa siku ile, Mlango ungekufa, na mimi ningefukuzwa mwaka wangu wa mwisho. Nilikuwa nimeshakubali. Nilikuwa nimemwambia hata dada yangu aanze kuniandalia mahali pa kulala.

Halafu msichana mwenyewe aliingia, bandeji imezunguka kichwa, amemshika mama yake bega.

"Bon," katibu alisema. "Mademoiselle, sema weye mwenyewe. Ni nani alikuumiza?"

"Nilianguka ku poto, papa."

Mama yake aliruka kutoka kwenye kiti. "Unadanganya! Huyu mwenyewe amekubali, bote bamesikia!"

"Yaya iko na huruma sana," msichana alisema, bila kunigeukia. "Anataka kubeba makosa ya poto."

Mtu fulani kwenye benchi alicheka, akaziba mdomo. Katibu alishika kalamu. Alimwangalia mama, akaniangalia mimi, akaangalia bandeji.

"Mwenye jicho anasema poto," alisema mwishowe. "Donc, ni poto."

Akaandika, akafunga daftari. Mama alitoka nje bila kumuaga mtu, na jioni ile alishuka mtoni kurudi kwao. Bintiye hakumsindikiza.

Msichana alinifuata kwenye ngazi. Jicho lake la kulia lilikuwa jekundu kwa kutolala. "Usirudilie tena ile maneno," aliniambia. "Nilimaliza kumi, ao hapana?"

"Ulimaliza."

"Alors, maillot yangu."

Nilimvalisha kesho yake, kiwanjani, taratibu, nikipitisha jezi juu ya bandeji. Wenzangu walishangilia mpaka watu wakachungulia kutoka madarasani. Na mimi nilifurahi. Naandika hili ili lijulikane: sikufukuzwa, timu haikufungwa, nilikuwa na diploma mbele yangu, na nilifurahi.

Jicho halikurudi. Yeye alirudi baada ya miezi mitatu. Mwanzo alikosa hata bodi, mpira unakwenda majanini, na wapinzani walipojua walimjia upande wa kushoto na kumwangusha kila mara. Alijifunza kugeuza kichwa, kama kuku anavyoangalia punje, ili jicho zima lione kikapu. Mwaka wake wa pili alikuwa mfungaji wetu bora. Mwaka wa nne alikuwa kapteni. Alipomaliza masomo walimpa timu aifundishe, na anaifundisha mpaka leo. Hadithi yake inajulikana na kila bleu, yaani mwanafunzi mgeni, anayeingia chuoni: yule asiyepepesa macho. Ukimwuliza mtu yeyote mlangoni pa kantini atakusimulia jinsi alivyokuja mara kumi akitazama kiwiko bila kupepesa. Nilijua kwa nini hakupepesa. Nililijua hilo tangu alipouliza mpira uko wapi, na sikumsimulia mtu.

Dirisha la ofisi ninayofanyia kazi linatazama kiwanja. Kila mwanzo wa mwaka naisikia hesabu. Nimefundisha wasichana waliokuja darasani na mdomo uliovimba, mkono uliofungwa, nikawaambia fungueni daftari. Kila mwaka nilijiambia kwamba mimi nilishasema ukweli mara moja, mbele ya kamati, na ukakataliwa, basi zamu yangu imepita. Ni raha sana kuwa na ukweli uliokataliwa. Unaweza kuukalia miaka mingi.

Ninaye binti nyumbani, mtoto wa dada yangu aliyefariki. Nimemlea tangu ana miaka sita na ananiita mama. Mwaka huu ameingia chuoni. Nilimwambia acheze chochote, aimbe kwaya, lakini si kikapu. Hakuniuliza sababu, nami nilidhani kutouliza ni kukubali.

Mwezi uliopita, siku ya Jumatano, nilikuwa jikoni natwanga ndizi za lituma aliposukuma mlango. Mdomo wa juu umepasuka mpaka karibu na pua. Jino moja la mbele halikuwepo. Shavu limevimba, na amevaa jezi yetu, na anacheka.

"Mama, nimepita!" alisema. "Mara kumi! Sikulia hata kidogo!"

Mchi ulibaki mkononi mwangu.

"Na coach anakusalimia," aliendelea, akishika mdomo ili damu isimwagike. "Yeye hasimamaki tena ku mulango, lakini leo alisimama yeye mwenyewe. Alisema ni heshima yako."

Nilimwosha kwa maji ya chumvi. Sikumtazama machoni, na yeye akadhani nina hasira kwa sababu hakunitii, akaanza kuniomba msamaha, na kila neno la msamaha lilitoka na damu. Nilihofia kwamba nikifungua mdomo nitapiga mayowe, nikampeleka hospitali akashonwa mdomo.

Kesho yake saa tisa nilishuka kiwanjani. Timu yote ilikuwepo, na binti yangu kati yao, ambaye aliponiona aliinamisha kichwa. Kocha alinijia akitabasamu, filimbi shingoni, uso umegeuka kidogo ili jicho lake la kulia linione vizuri.

"Yaya, karibu. Umemuona mutoto? Hakulia."

"Ulimupiga kwa nini?"

"Heshima," alisema. "Sawa vile weye ulinifanyiaka."

"Mimi nilikosa."

Tabasamu lilibaki pale pale, ila jicho liliacha kutabasamu. "Usianze tena na ile maneno ya kamati."

"Nilikosa, leki, mudogo wangu. Nilikupiga zaidi kwa sababu haukupepesa macho. Nilifikiri ni bujasiri. Kumbe haukuona kiwiko. Nilikuwa napiga mutu haoni." Niliwageukia wale wasichana, kwa sauti ile ile ya ukapteni ambayo sikujua bado ninayo. "Munasikia? Hakupepesa kwa sababu jicho ilikuwa imekufa kwa mara ya ine. Hakuna kitu ingine. Mulango ni makosa. Ilikuwa makosa tangu mwanzo."

Kocha alinikaribia mpaka nikasikia pumzi yake.

"Unafikiri sikujua?" alisema. "Kwa mara ya ine nilijua jicho imekwenda. Niliona giza upande muzima. Nilijua, yaya. Na nilikuya tena mara sita. Miye mwenyewe, na miguu yangu. Nilisukuma mama yangu kwa sababu ya ile mara sita, mpaka leo hanisemeshe. Sasa unasema ni makosa." Aliwanyooshea wasichana kidole. "Basi sema mbele yao. Jicho yangu ilienda kwa nini?"

Ningeweza kumwambia ilienda kwa ajili ya timu. Ningeweza kusema ujasiri wake hauna mfano, na ingekuwa kweli, na tungekumbatiana, na mwakani wasichana wengine wangejipanga katikati ya kiwanja na mpira mikononi. Binti yangu alikuwa akinitazama na mdomo wake ulioshonwa, akiniomba kwa macho nisimwaibishe kocha wake.

"Bure," nilisema. "Ilienda bure. Na ni miye njo niliipeleka."

Alinipiga. Hakunipiga kwa kiwiko, alinipiga kwa ngumi, ambayo sheria yetu ilikataza, mdomoni, na nilipoanguka alinifuata chini akanipiga tena na tena, analia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya timu yake yote. Nilisikia kichwa changu kikigonga saruji. Sikuikinga mikono yake. Wasichana walimrukia wanne, watano, wakashindwa kumwondoa, mpaka akachoka mwenyewe, akasimama, akavua filimbi yake akaitupa majanini. Aliondoka kiwanjani akitembea kuelekea barabarani, mkono mmoja umenyooshwa mbele upande wa kushoto, kama anavyotembea siku zote mahali penye watu.

Hakuna aliyemfuata, na hakuna aliyeokota mpira. Binti yangu alipiga magoti karibu nami na kitambaa. Alikuwa na hasira nami, hakusema neno, wala hakusema neno mpaka Jumapili. Lakini alinifuta mdomo mpaka damu ikaacha kutoka.